Je, Wajua? Kijiko Ni Mtoto wa Mwiko!

Sogea hapa kwenye benchi, chai ndiyo kwanza imemiminwa. Hicho kijiko ulichoshika usikoroge nacho kwanza. Kigeuze, kitazame mgongoni, halafu nitegee sikio, maana leo nina ya kukusimulia mpaka chai ipoe!

Tuanze na jina

Je, wajua? Mti mdogo ni kijiti, mto mdogo ni kijito, mwiba mdogo ni kijiba. Basi mwiko mdogo ni nini? Kijiko! Umekuwa ukimwita mtoto wa mwiko miaka yote hii bila kujua ukoo wake.

Na huyo mzazi ana kazi tatu. Mpishi anasongea ugali kwa mwiko, mwashi anapigia lipu kwa mwiko, na wazee wakikukataza jambo wanasema ni mwiko. Tamko moja, jikoni, ukutani na barazani!

Warumi wa kale walikuwa na kijiko kidogo chenye mpini mwembamba uliochongoka kama sindano. Walikiita cochleare, kutokana na neno la Kilatini la ganda la konokono. Upande mmoja walilia mayai, na kwa ncha walimchokoa konokono atoke gandani!

Unadhani jina hilo lilikufa na Warumi? Wapi! Mfaransa akiomba kijiko leo anasema cuillère, na mzizi wake ni ule ule wa konokono. Mwingereza naye anasema spoon, neno ambalo zamani lilimaanisha kibanzi cha mti.

Vilivyotoka ardhini

Misri, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi walichonga vijiko vyenye umbo la msichana anayeogelea. Amenyoosha mikono, na mbele yake kamshika bata. Mwili wa bata ndio bakuli, na mbawa zake ndizo mfuniko! Wataalamu huviita vijiko vya vipodozi, na ukifika jumba la Louvre mjini Paris utawakuta wasichana hao bado wanaogelea.

Korea nako usikucheze. Mfalme Muryeong alifariki mwaka 523, na kaburi lake lilipogunduliwa mwaka 1971 lilikutwa na vijiko vya shaba pamoja na vijiti vya kulia. Hadi leo Mkorea akiandaa meza, kijiko na vijiti hukaa pamoja, kama pete na kidole.

Mwaka 1939, kule Sutton Hoo mashariki mwa Uingereza, wachimbaji walifukua kaburi la ajabu: meli nzima yenye urefu wa mita 27 hivi, imezikwa na mali ya kifalme. Ndani mlikuwa na vijiko viwili vya fedha vyenye maandishi ya Kigiriki. Kimoja kimeandikwa Saulos, kingine Paulos!

Hii ya sasa ishike vizuri. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, huko huko Uingereza, mkulima alipoteza nyundo yake shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na kifaa cha kutambua madini amsaidie kuitafuta. Bwana Lawes akaangukia hazina ya Kirumi: sarafu karibu 15,000, vijiko 78 vya fedha na pawa 20!

Na nyundo je? Ilipatikana pia! Sasa imehifadhiwa British Museum, jumba lile lile lenye hazina yenyewe. Nyundo ya shambani imekuwa jirani wa fedha ya Warumi!

Kijiko cha mfalme

Wajua kuwa mfalme wa Uingereza hatawazwi bila kijiko? Kipo kimoja cha fedha iliyopakwa dhahabu, kilichotengenezwa miaka ya 1100, urefu sentimita 26.7 tu. Mwaka 1349 kilipoorodheshwa miongoni mwa mali za Westminster Abbey, tayari watu walikuwa wakikiita cha kizamani!

Bakuli lake limegawanywa mara mbili kwa ukingo katikati. Kwa nini? Ili askofu mkuu achovye vidole viwili kwenye mafuta matakatifu, kimoja huku, kimoja kule! Tarehe 6 Mei 2023, Mfalme Charles III alipakwa mafuta yaliyotoka kwenye kijiko hicho hicho.

Lakini kilinusurika chupuchupu. Mwaka 1649 mfalme alikatwa kichwa, na mapambo ya kifalme yakaamriwa yayeyushwe. Kijiko hiki kikauzwa kwa shilingi 16 za wakati ule, na mnunuzi alikuwa Clement Kynnersley, aliyekuwa mtumishi wa mfalme mwenyewe!

Kynnersley akakitunza. Ufalme uliporudi, akakirudisha kwa Charles II, na kikaongezwa lulu nne kwa ajili ya sherehe ya mwaka 1661. Shilingi 16 zikaokoa kijiko, ilhali taji lenyewe halikuokoka!

Fedha ya kweli kweli

Kiswahili chetu kina hekima: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Ulaya ya zamani, kabla ya benki kuenea, kijiko kilikuwa vyote viwili. Ukiwa nacho una cha kulia, na ukiishiwa una cha kuuza au kuweka rehani! Ndiyo maana watu walivirithisha katika wasia, kimoja kimoja, huyu chake na yule chake.

Mtoto akibatizwa Uingereza karne ya 16, zawadi ya heshima ilikuwa kijiko chenye sanamu ndogo ya mtume kwenye ncha ya mpini. Tajiri alitoa seti kamili ya vijiko 13: mitume 12 na Bwana wao! Asiyejiweza sana alitoa kimoja tu, cha mtume ambaye mtoto amepewa jina lake.

Utawatambuaje mitume wadogo namna ile? Tazama mikononi! Petro ana ufunguo, Andrea ana msalaba wa mshazari, na kila mmoja amebeba alama yake. Mtume mzima, mrefu kama kiungo kimoja cha kidole chako!

Tangu mwaka 1300, fedha ya Uingereza ilitakiwa igongwe muhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi ya mwaka, na mwaka 1544 akaongezwa simba anayetembea. Kwa hiyo kijiko kikongwe kina karatasi zake zote mgongoni: jiji, mwaka, ubora na fundi!

Tena katika vijiko vya kale vya London, kichwa cha chui kiligongwa ndani ya bakuli lenyewe. Fikiria: unamaliza supu yako taratibu, na chini kabisa chui anakukodolea macho!

Mwaka 1697 serikali ya Uingereza ilishtuka: watu walikuwa wakiyeyusha sarafu ili wapate vijiko na sahani! Ikaamuru vyombo vitengenezwe kwa fedha safi zaidi ya ile ya sarafu, asilimia 95.84 badala ya 92.5. Amri hiyo ilishikiliwa hadi mwaka 1720.

Mkia wa panya, pua ya mbwa

Bakuli la kijiko halikuwa na umbo la yai siku zote. Zama za kati lilikuwa kama tunda la tini: jembamba kwenye mpini, pana mbele. Ukikutana na la namna hiyo dukani, usilipite haraka!

Wapenzi wa vijiko vya kale wana majina ya kuchekesha, we acha tu! Mwinuko mwembamba unaotoka kwenye mpini na kupita mgongoni mwa bakuli huitwa mkia wa panya. Mpini ulioishia na kibonge cha mviringo huitwa pua ya mbwa, na uliopanuka mabegani kama gitaa huitwa fidla!

Huo mkia wa panya haukuwekwa kwa urembo tu. Pale mpini unapokutana na bakuli ndipo kijiko huvunjika kwa urahisi, na mkia ule ulikuwa nguzo. Urembo ukafuata baadaye, ukakaa kana kwamba ndio uliotangulia!

Sasa angalia maajabu haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1700, Waingereza walilaza kijiko mezani kifudifudi, bakuli likitazama chini; ndiyo maana nembo ya ukoo ilichorwa mgongoni. Kuanzia miaka ya 1760 wakaanza kukilaza chali, nembo ikahamia mbele, na hata ncha ya mpini iliyokuwa ikipinda juu ikapindwa chini!

Umeona? Mtu akikuletea kijiko kikongwe, mwulize tu ncha inatazama wapi. Ikitazama juu, huenda ni cha kabla ya 1760. Ikitazama chini, huenda ni cha baadaye. Umeshakuwa mtaalamu, na chai hata haijaisha!

Wasafiri wa zamani hawakutegemea vijiko vya mwenyeji. Mtu alitembea na chake, na vingine vilikunjwa katikati kama kisu cha mfukoni. Usidhani ni uvumbuzi wa juzi: Warumi walikuwa navyo tayari!

Chai, yai na masharubu

Kijiko cha chai kilizaliwa kidogo kwa sababu chai ilikuwa ghali kupindukia! Chai ilipoanza kunywewa London karne ya 17, vikombe vilikuwa vidogo, na vijiko vikafuata. Kile cha zamani kilichukua chini ya mililita 4. Kipimo cha kijiko cha chai leo, kile cha dawa ya mtoto, ni mililita 5.

Mwaka 1782 mgeni wa Kifaransa, Prince de Broglie, alialikwa chai huko Philadelphia, Marekani. Kila akimaliza kikombe anaongezewa, naye kwa adabu anakunywa, mpaka kikombe cha 12! Ndipo akanong'onezwa siri: laza kijiko juu ya kikombe, watajua umetosheka.

Karne ya 18 kulikuwa na kijiko chenye bakuli lililotobolewa matundu matundu na mpini uliochongoka. Matundu yalitumika kuopoa machicha yanayoelea, na ncha ilizibua mdomo wa birika! Chujio na kizibuo, vyote mkononi.

Na hiki hapa kitakufurahisha wewe wa pwani. Mabwana wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa na vinywaji vyao vya kuchanganya na limau na sukari, na baadhi ya vyombo vyao vya kuchotea vilikuwa na bakuli la kifuu cha nazi lililovikwa fedha. Yaani upawa! Upawa ule ule wa jikoni kwa bibi, umevaa koti la fedha!

Mpini je? Mara nyingi ulikuwa wa ule utando mgumu wa kinywani mwa nyangumi, umesokotwa kama kamba. Haupitishi joto haraka na ni mwepesi. Nazi kutoka nchi za joto, nyangumi kutoka bahari za baridi, vikakutana ndani ya bakuli moja!

Ulishawahi kula yai kwa kijiko cha fedha? Usijaribu! Salfa iliyomo kwenye yai hukifanya kijiko kiwe cheusi, kwa hiyo matajiri walivipaka dhahabu vijiko vyao vya mayai. Mayai ya samaki yale ya bei mbaya, kaviari, yakapewa vijiko vya ganda la chaza, ili ladha isiharibike.

Karne ya 19 wanaume wa Ulaya na Marekani walifuga masharubu kama mafagio. Supu ikawa vita! Mafundi wakatengeneza kijiko chenye kizuizi juu ya bakuli: supu inapita chini, masharubu yanabaki makavu juu.

Na wapenda uboho walipata chao: chombo chembamba kirefu, chenye mfereji mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mfupa mkubwa, mfupa mdogo, hakuna unaopona!

Kijiko cha mapenzi

Kijana wa Wales alipotaka kumposa binti, alikaa na kisu chake jioni nyingi akichonga kijiko cha mti. Akichonga moyo, amesema mapenzi. Akichonga mnyororo, amesema tufungamane. Cha kale zaidi kinachojulikana kina tarehe ya mwaka 1667, na kimehifadhiwa St Fagans, karibu na Cardiff!

Ngoja, kuna zaidi. Katika baadhi ya vijiko hivyo utaona gololi za mti zikicheza ndani ya kizimba cha mti, na hakuna mahali palipounganishwa. Vyote vimechongwa kutoka kipande kimoja! Baba wa binti alikuwa haangalii kijiko tu, anaangalia mikono ya mkwe.

Norway walikwenda mbali zaidi: vijiko viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo wa mti, navyo pia kutoka kipande kimoja. Bwana na bibi harusi walikula navyo pamoja. Mmoja akivuta kwa pupa, mwenzake anamwaga!

Afrika haikukaa pembeni

Kwa Wadan wa Liberia na Côte d'Ivoire, mwanamke anayewashinda wote kwa ukarimu hupewa kijiko kikubwa cha mti kilichochongwa kwa ustadi. Siku ya karamu hutembea nacho kwa fahari, akiongoza ugawaji wa wali. Kombe la ubingwa ni kijiko!

Vingine kati ya vijiko hivyo vina miguu miwili ya binadamu badala ya mpini. Mchongaji Alberto Giacometti alivutiwa na vijiko vya Wadan, na mwaka 1926 hadi 1927 akatengeneza sanamu yake maarufu ya mwanamke-kijiko. Kijiko cha wali cha Afrika Magharibi kikaitikisa sanaa ya Paris!

Waakan wa Ghana walikuwa na vijiko vya shaba ambavyo havikugusa chakula kamwe. Vilichota vumbi la dhahabu na kulimwaga kwenye mizani! Dhahabu ndiyo iliyokuwa pesa yao, na kijiko ndicho kilichokuwa mkono wa karani.

Karne ya 16, mafundi wa Benin, katika Nigeria ya leo, walichonga vijiko vya pembe za ndovu vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, wakawauzia Wareno. Mipini yake ilikuwa ndege na wanyama waliosukana. Leo vimefungiwa kwenye kabati za vioo Ulaya, hakuna anayethubutu kuvilia!

Jirani zetu Wasomali nao wana fandhaal, kijiko cha mti ambacho mpini wake husukwa kwa nakshi zinazopishana kama ukili. Ukifuata mstari mmoja kwa kidole, utazunguka mpaka usahau ulianzia wapi!

Kutoka almasi hadi chuma

Kwenye kasri la Topkapı mjini Istanbul ipo almasi ya karati 86, imezungukwa na nyingine ndogo 49. Jina lake? Almasi ya Mtengeneza Vijiko! Hadithi ya mtaani husema maskini mmoja aliiokota, akaibadilisha kwa vijiko vitatu vya mti.

Waosmani, wenyeji wa kasri hilo, hawakuona fahari ya kula kwa chuma. Vijiko vyao vya vinywaji vitamu vilikuwa vya gamba la ng'amba, pembe za ndovu na marijani! Vyepesi, laini mdomoni, na havichomi.

Mji wa Salem, Marekani, uliendesha kesi za uchawi mwaka 1692. Ilipoingia miaka ya 1890, sonara Daniel Low akauza vijiko vya ukumbusho vyenye picha ya mchawi na ufagio wake. Vikapendwa mno, na wimbi la vijiko vya ukumbusho likaienea nchi nzima!

Ukiona kijiko kikongwe kimegongwa EPNS, usimkimbilie sonara. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham iliupatia hataza mwaka 1840. Ndani hamna fedha hata chembe!

Matajiri wa Marekani walifikia kuwa na kijiko cha kila kitu: cha mchuzi, cha aiskrimu, cha haradali, cha chumvi, cha balungi. Katikati ya miaka ya 1920, Waziri wa Biashara Herbert Hoover, aliyekuja kuwa rais, alisukuma seti moja isizidi aina 55 za vyombo. Hamsini na tano, na huko ndiko kupunguza!

Mwaka 1913, mjini Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki. Akapata kisichoshika kutu! Kijiko ulichonacho mkononi ni mjukuu wa bunduki.

Na wale wa mkono wa kushoto hawakusahauliwa. Seti ya Arne Jacobsen wa Denmark, ya mwaka 1957, ina kijiko cha supu cha wa kulia na kijiko cha wa kushoto. Vijiko vyake vilikuwa na sura ngeni kiasi kwamba vikaonekana kwenye filamu ya 2001: A Space Odyssey, chomboni angani!

La mwisho, kisha unywe

Hili ni la kunong'ona. Kitazame kijiko cha fedha cha miaka 200, bakuli juu, mpini kwako: ncha mara nyingi imelika upande wa kushoto. Mikono ya kulia ya vizazi kadhaa imekwangua sahani mpaka fedha ikaisha!

Na mwiko wa mti hulika vivyo hivyo. Ukifika nyumbani leo, uombe ule wa ugali, wa mama au wa bibi, uuinue mwangani uutazame ncha. Ukiona umelika kulia, huenda umeshamjua mpishi wenu: ni wa mashoto! Haya, sasa koroga. Chai imeshapoa.